Asili ya yoga: kutoka nira ya farasi hadi mkeka wa mazoezi (uzi mrefu, karibuni)

MwanaMuheza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka jana mgongo ulinishika kiasi kwamba kuvaa soksi ikawa kazi ya dakika kumi. Nikashauriwa nijaribu yoga, nikajiunga na darasa moja hapa Dar. Siku ya kwanza mwalimu akatuambia mikao tunayoifanya ina miaka 5,000 na haijabadilika hata kidogo. Jioni hiyohiyo mzee mmoja jirani yangu, mtu ninayemheshimu sana, akanisimamisha kibarazani akaniambia nimeingia kwenye ibada ya miungu bila kujijua. Wote wawili walisema kwa uhakika kabisa. Mimi nikabaki katikati, nikaamua nisome mwenyewe, na nimesoma mwaka mzima.

Nilichokuja kukisema ni hiki: jina ni la kale kweli, lakini kinachoitwa kwa jina hilo kimegeuka karibu kila zama. Mikao ya kusimama na kujinyoosha tunayoiona mitandaoni ni mtoto wa mwisho kwenye ukoo mrefu sana. Sisemi hivi kuidharau. Mgongo wangu umepona kwa mikao hiyo, na ninaipenda. Ila kitu unachokipenda unapaswa kukijua.

Nianze na neno lenyewe. Yoga ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na limetoka kwenye kitenzi *yuj*, yaani kufunga nira. Waliokuwa wakilima kwa maksai wataelewa haraka kuliko mtu wa mjini. Una wanyama wawili wenye nguvu, kila mmoja anavuta upande wake, na bila ule mti shingoni hakuna shamba litakalolimika. Katika Rigveda, mashairi ya ibada yaliyotungwa yapata miaka 1500 hadi 1000 KK, neno hili linahusu farasi na magari ya vita. Hakuna mkeka wala mtu aliyekunja miguu.

Ndani ya Rigveda hiyohiyo, kitabu cha 10, kuna wimbo wa mtu mwenye nywele ndefu, aliyevaa nguo chafu za rangi ya udongo, anayepanda juu ya upepo na kunywa sumu pamoja na mungu Rudra. Haitwi yogi, yaani mfuasi wa yoga. Lakini ukimsoma unamwona ndugu mkubwa wa watawa wote watakaofuata.

Nira ya farasi ikageuka kuwa nira ya nafsi ndani ya andiko la kale la Wahindu, Katha Upanishad, karne chache kabla ya Kristo. Kisa chake kilinikaa moyoni. Kijana Nachiketa anafika nyumbani kwa Mauti, anakuta mwenyeji hayupo, anakaa siku tatu bila kula. Mauti anarudi, anaona aibu kwa kumwacha mgeni na njaa, anampa maombi matatu. La mwisho kijana anauliza: mtu akifa anabaki au habaki? Mauti anajaribu kumhonga kwa ng'ombe, dhahabu na maisha marefu ili aache swali hilo. Kijana anakataa. Ndipo anafundishwa: mwili ni gari, hisi ni farasi, akili ndogo inayorukaruka ni hatamu, busara ndiye mwendeshaji, na mwenye gari ni nafsi. Kuzishika hisi zikatulia, hiyo ndiyo inayoitwa yoga.

Nitaendelea baada ya chakula.

Jembe la Mkono

Mkuu tiririka, nimeweka kambi hapa. Ila nina swali. Kuna ule muhuri wa Mohenjo-daro, yule mtu mwenye pembe aliyekaa. Huo si ndio ushahidi wa miaka 5,000?

MwanaMuheza

Swali zuri, maana hesabu ya 5,000 hutajwa sana kwa sababu ya muhuri huo.

Ni kipande cha jiwe laini, hakifiki sentimita 4 kwa 4, unaweza kukificha kwenye kiganja. Kilichimbuliwa msimu wa 1928 na 1929 katika bonde la mto Indus, sehemu ambayo sasa ni Pakistani. Kinaonyesha mtu aliyekaa juu ya kitako, visigino vimekutana, kichwani ana pembe kubwa, na kando yake wapo tembo, chui milia, kifaru na nyati. Mwaka 1931 John Marshall, aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale, aliandika kuwa huyu ni mungu Shiva wa kale, bwana wa wanyama, amekaa mkao wa yogi. Wazo likaenea duniani.

Tatizo ni kwamba maandishi ya ustaarabu ule hayajasomeka mpaka leo. Kati ya muhuri huo na maandiko yanayoeleza mkao kwa maneno kuna pengo la zaidi ya miaka elfu moja na nusu. Wataalamu waliofuata wamemwona kama fahali mtakatifu au mungu mwingine tu. Mtu kukaa amekunja miguu ni jambo la kawaida kwa binadamu asiye na kiti. Kwa hiyo mimi muhuri ule nauangalia kwa heshima, lakini siutumii kama cheti cha kuzaliwa.

Penye uhakika zaidi ni karne ya 5 KK au karibu yake, kaskazini mwa India, bonde la Ganges. Hapo waliibuka watu walioacha nyumba, mali na kafara za makuhani, wakaenda msituni kutafuta njia ya kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mahavira, mwalimu wa Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India), alikuwa mmoja wao. Buddha mwingine. Maandiko ya Kibuddha yanasimulia alivyojitesa kabla ya kufikia aliyoyatafuta: aliuma meno, akabana ulimi kwenye kaakaa, akaikandamiza akili yake hadi jasho likamtoka kwapani. Akazuia pumzi hadi masikio yakavuma. Akafunga kula hadi akakonda vibaya. Haikumfikisha popote. Kisha akakumbuka siku moja utotoni, baba yake akiwa kazini, yeye amekaa kivulini chini ya mti wa jamii ya mzambarau, moyo umetulia wenyewe. Akasema: huenda njia ni ile.

Hapo pana mzozo ambao umeifuata yoga hadi leo: je, unaubana mwili mpaka usalimu amri, au unakaa tu mpaka utulie?

Ustadh Mgeni

Ndugu yangu MwanaMuheza, assalaam alaykum. Nimesoma kwa utulivu. Mimi ni mmoja wa wanaowaonya vijana, na huyo mzee wako wa kibarazani nina hakika alikutakia kheri. Naomba ujibu bila kuzunguka: ni ibada au si ibada?

MwanaMuheza

Waalaykum salaam Ustadh. Sitazunguka.

Kwa karne nyingi ilikuwa njia ya wokovu, na walioifuata walikuwa Wahindu, Wabuddha na Wajaini. Hilo siwezi kulificha na sioni sababu ya kulificha. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inafundisha yoga kama kumwelekea mungu Krishna kwa ibada, kwa elimu na kwa kutenda kazi bila kudai tunda lake. Patanjali, aliyekusanya Yoga Sutra karibu karne ya 4 au ya 5 BK, anazungumzia nafsi kujitenga na maumbile. Sentensi yake ya pili inasema yoga ni kuyatuliza mawimbi ya akili. Ana hatua 8, na ya kwanza ni mwenendo: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na tamaa za mwili, kutolimbikiza. Mkao ni hatua ya 3. Kati ya sentensi zake 195, mkao amepewa 3 tu, na anachosema ni kwamba uwe imara na uwe wa raha. Basi.

Lakini Ustadh, kuna jambo lililonishangaza sana. Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeitoa Patanjali nje ya India na kuiweka kwa Kiarabu ni al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu kutoka Khwarazm, mwanzoni mwa karne ya 11. Alijifunza Kisanskriti akiwa chini ya utawala wa Mahmud wa Ghazna, akakipanga kitabu kama maswali na majibu ili wasomaji wake wafuatilie kwa urahisi. Hakuwa anasilimisha wala kukufurisha. Alitaka kuelewa jirani yake anaamini nini.

Karne ya 16 Shehe Muhammad Ghawth wa Gwalior, wa tariqa ya Shattariyya, akaandika kwa Kiajemi kitabu cha Bahr al-Hayat, Bahari ya Uhai, kilichotokana na maandishi ya mayogi. Nakala yake ya karibu mwaka 1602, iliyochorwa kwa ajili ya mwanamfalme Salim ambaye baadaye alikuwa mfalme Jahangir, ina picha 21 za mikao. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa tulizonazo za mikao ya yoga zilizopangwa kwa mfululizo, na zipo kwenye kitabu cha Masufi. Mayogi wamekaa mbele ya vibanda vyao, wengine na mbwa pembeni.

Kuhusu hukumu ya leo, hiyo ni kazi yenu wenye elimu, sitaivamia.

Nyota ya Maskati

Nichangie kidogo kwa upande wa huku Ghuba. Wanachuoni wenyewe hawakusema kauli moja. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye maombi na matamshi ya ibada, na mwaka uliofuata baraza la maulamaa la Indonesia likasema karibu hivyohivyo, likiruhusu yale ambayo ni mazoezi ya mwili pekee. Saudia nao mwishoni mwa 2017 waliitambua yoga kama shughuli ya michezo, na mwanamke wa Kisaudi aliyepigania jambo hilo kwa miaka mingi, Nouf Marwaai, alipewa nishani ya Padma Shri na serikali ya India mwaka 2018.

Mimi mwenyewe nafanya asubuhi baada ya swala ya alfajiri. Kujinyoosha tu, bila kutamka chochote.

Ustadh Mgeni

Nimeelewa. Habari za al-Biruni nilikuwa nazijua kwa hesabu na nyota, sikujua hili. Endelea ndugu yangu, nipo.

Chuma cha Reli

Sasa kama Patanjali kasema sentensi tatu tu, hii mikao ya kichwa chini miguu juu imetoka wapi? Mbona unaturuka?

MwanaMuheza

Siruki Chuma, ndipo ninapofika, na ndipo panaponoga.

Imetoka kwa watu wa *hatha*, neno lenye maana ya nguvu. Kati ya karne ya 11 na ya 15 vinatokea vitabu vinavyoukazia macho mwili. Cha mwanzo kabisa katika mkondo huo, Amritasiddhi, kilitoka kwa Wabuddha wa mkondo wa tantra, yaani mafundisho ya siri. Wazo lao lilikuwa hili: kichwani kuna tone la uhai, linadondoka kidogo kidogo, linaungua kwenye moto wa tumbo, ndiyo maana mtu anazeeka na kufa. Sasa ukijigeuza kichwa chini, tone linabaki mahali pake. Kumbe kusimama kwa kichwa hakukuwa mazoezi ya misuli! Kulikuwa jitihada ya kuzuia kifo.

Kitabu kingine cha karne ya 13, kinachonasibishwa na Dattatreya, kinasema awe Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani), mtawa, Mbuddha, Mjaini au hata asiyeamini chochote zaidi ya vitu vya dunia, akifanya mazoezi kwa bidii atafanikiwa. Na kinawashutumu wanaovaa mavazi ya yogi bila kufanya kazi ya yogi. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili.

Karibu mwaka 1450 Svatmarama akaandika Hathapradipika. Anaeleza hata chumba cha mazoezi: kibanda kidogo, mlango mdogo, bila dirisha, hakuna mashimo wala mabonde, kimekandikwa vizuri kwa samadi ya ng'ombe, hakina wadudu, nje kuna kisima. Mikao anayoitaja ni 15, na zaidi ya nusu ni ya kukaa. Mkao kwake ni mlango wa kuingilia. Kazi yenyewe ni pumzi.

Na msidhani mayogi wote walikuwa wapole wa pangoni. Kaskazini mwa India yalikuwepo makundi ya watawa wenye silaha, walikodishwa na watawala kama askari, walilinda misafara ya biashara. Walipigana na Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki huko Bengal, hadi mwaka 1773 Warren Hastings, gavana wa Kampuni hiyo, akatoa amri ya kuwafukuza wazururaji hao. Baada ya hapo wengi walibaki wakionyesha mikao barabarani ili wapewe chochote. Mhindi msomi wa karne ya 19 alikuwa akiona aibu kuhusishwa nao.

Aibu hiyo inaonekana hata kwa mtawa wa Kihindu, Swami Vivekananda. Alipohutubia bunge la dini za dunia Chicago mwaka 1893 alishangiliwa sana, na kitabu chake Raja Yoga cha 1896 kikaifungulia yoga milango ya Marekani na Ulaya. Lakini yoga yake ilikuwa ya akili na kutafakari. Hatha aliiweka kando, akasema ni ngumu na haimkuzi mtu kiroho.

Chuma cha Reli

Duh. Kwa hiyo mwaka 1896 bado hakuna darasa kama lako la Dar?

MwanaMuheza

Bado kabisa. Darasa langu lilizaliwa kati ya miaka ya 1920 na 1930, na wazazi wake ni wengi.

India ilikuwa chini ya Waingereza, na vijana walikuwa wakiambiwa ni taifa dhaifu la mwili. Jimnastiki za Ulaya zilikuwa zimeenea shuleni na jeshini. Eugen Sandow, mtunisha misuli maarufu kuliko wote wakati ule, alizuru India karibu mwaka 1905 na kumbi zilijaa. Wazalendo wakajiuliza: je, sisi hatuna chetu? Shri Yogendra akafungua taasisi yake Bombay mwaka 1918. Swami Kuvalayananda akaanzisha Kaivalyadhama kule Lonavla mwaka 1924, akawapima watu kwa eksirei na vipimo vya shinikizo la damu wakiwa kwenye mikao. Na ile Salamu kwa Jua mnayoifahamu, mfululizo wa kuinama na kunyooka, aliyeieneza ni mtawala wa Aundh, jimbo dogo la Wamaratha. Aliwafundisha wanafunzi wa shule zake kama mazoezi ya afya.

Halafu kuna Mysore, kusini mwa India. Mwaka 1933 Maharaja Krishnaraja Wodeyar IV alimpa Tirumalai Krishnamacharya chumba katika kasri la Jaganmohan afundishe vijana. Huyu bwana alikuwa msomi wa Kisanskriti, mkali, mfupi wa maneno. Alizaliwa 1888 akafariki 1989. Kwenye chumba kile mikao iliunganishwa kwa pumzi na kuruka kutoka mmoja hadi mwingine. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois aliichukua kasi hiyo, ndiyo Ashtanga ya leo. Mwanamke mmoja aliyezaliwa Riga, Indra Devi, alikataliwa mlangoni hadi Maharaja alipoingilia kati. Baadaye akafungua darasa Hollywood na kuwafundisha nyota wa sinema.

Lakini moyo wangu uko kwa shemeji yake Krishnamacharya, B. K. S. Iyengar. Alizaliwa 1918 wakati wa homa kubwa ya mafua, mama yake akiwa mgonjwa. Utotoni akaugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alifika Mysore kijana mwembamba asiyeweza kuinama akagusa vidole vya miguu. Mwaka 1937 akapelekwa Pune kufundisha, akajifunza kwa mwili wake mwenyewe ulioumia. Mwaka 1952 akakutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin, ambaye alimfungulia njia ya Ulaya. Kitabu chake cha 1966, Light on Yoga, kina mikao takribani 200 na picha zipatazo 600.

Jembe la Mkono

Hapa nakupinga kidogo mkuu. Ukisema imezaliwa 1930 unawapa Wazungu ushindi, kana kwamba Wahindi walinakili jimnastiki tu wakaipa jina la Kisanskriti. Hiyo si haki.

MwanaMuheza

Umenikamata, na unastahili kunikamata. Nilikimbia.

Ushahidi wa upande wa pili upo. Kuna hati ya karne ya 18, Hathabhyasapaddhati, inaeleza mikao 112, mingine ya kurudiarudia mwendo, mingine ya kupanda kamba. Kasri la Mysore lenyewe lilikuwa na kitabu cha karne ya 19, Sritattvanidhi, chenye michoro ya mikao 122, na nyingi zinalingana na hati hiyo. Kwa hiyo mikao ya nguvu ilikuwepo kabla ya Sandow kutia mguu Bombay. Kilichoingia karne ya 20 ni umbo la darasa: watu wengi pamoja, mfululizo wa mikao, lengo la afya, mwalimu anahesabu. Krishnamacharya alikuwa na urithi mkononi na dunia mpya mbele yake, akashika vyote viwili. Asante kwa kunirudisha.

Baada ya hapo mwendo ni wa haraka na wengi mnaujua. Marekani ililegeza sheria ya uhamiaji 1965, walimu wakamiminika. Wanamuziki wa Beatles walikwenda Rishikesh, India, 1968. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga kwa azimio la Desemba 2014 lililoungwa mkono na nchi 177, na UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2016. Hata umiliki ulifika mahakamani: mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kuwa mfululizo wa mikao 26 wa mwalimu Bikram Choudhury hauwezi kulindwa kwa hakimiliki. Nilifurahi sana niliposoma uamuzi huo. Huwezi kuweka uzio kwenye pumzi za watu.

Bi Mkubwa 62

Wanangu, nimewasoma tangu mwanzo nikiwa kimya. Nina miaka 62, magoti yote mawili hayakunjiki. Mjukuu wangu yuko Nairobi, amefundishwa na wale Africa Yoga Project walioanza 2007, sasa naye ni mwalimu. Kila akija ananisihi nijaribu. Namwambia mie kukaa chini na kuinuka ni shughuli. Yeye anasema nitumie kiti. Nikaona ananidanganya kunifariji tu, maana yoga ya kwenye kiti naona si yoga. Hebu niambie wewe uliyesoma.

MwanaMuheza

Shikamoo mama.

Hakudanganyi. Maelezo ya kale kabisa ya kitabu cha Patanjali yanataja mikao zaidi ya kumi ya kukaa. Upo wa kukaa kama korongo, wa kukaa kama tembo, wa kukaa kama ngamia. Mmoja wao unaitwa *sopashraya*. Maana yake ni "wenye kuegemea", yaani mkao wa kutumia kitu cha kukushikilia. Huo umetajwa sambamba na mingine, miaka kama 1,600 iliyopita, bila kuambiwa ni wa wadhaifu. Na mwishoni mwa orodha kuna mmoja ambao jina lake ni "kwa raha yako" tu.

Iyengar naye ndiye aliyeleta mikanda, matofali ya mbao, kamba na viti madarasani, kwa sababu alijua mwili unaouma unavyokuwa. Mkanda ninaoupitisha kwenye unyayo kila Jumanne ili mgongo wangu usikunjike umetoka kwake.

Chagua kiti kisicho na magurudumu, mama, na ukiegemeze ukutani kisiteleze.

Bi Mkubwa 62

Marahaba mwanangu. Kipo kimoja cha mninga, kizito, cha marehemu babu yao. Mjukuu anakuja Jumamosi.